UZI: “Ukitoa mimba hutazaa tena” – hii sentensi ina historia yake

1/ Kampeni zikikaribia, hii mada lazima irudi. Redioni asubuhi, kanisani, kwenye bunge la wananchi hapa Kisumu, na huku mtandaoni usiku kucha. Mmoja anasema, “Akitoa mimba, kizazi kimeisha.” Mwingine anamjibu, “Hakuna madhara yoyote, hizo ni hekaya.” Kila mmoja anapigiwa makofi na watu wake. Leo tuchukue hiyo hoja moja tu: mimba iliyotolewa zamani inafanya nini kwa mimba inayokuja baadaye?

2/ Sheria za uzi ni zilezile. Hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Pia sitakwambia kama kutoa mimba ni haki au ni dhambi. Hapo una dini yako na dhamiri yako. Lakini “inaharibu kizazi” si swali la dhamiri. Ni dai kuhusu mwili, na lina majibu. Ukiyafuata hayo majibu nyuma, yanakufikisha kwenye historia ya sheria zetu.

3/ Jibu fupi kwa wenye haraka: kinachovuka hadi mimba inayofuata, mara nyingi, ni namna ile ya kwanza ilivyotoka. Nani alifanya, kwa kifaa gani, mahali gani, na kama mwanamke alitibiwa mapema mambo yalipoharibika. Kwa Kenya, hayo yote yamekuwa yakiamuliwa na sheria na siasa kwa karibu miaka mia moja. Wacha tuanze mwanzo.

4/ Mwaka 1861 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya makosa dhidi ya mwili wa mtu. Ndani yake, kutoa mimba kuliweza kukupa kifungo cha maisha. Tukumbuke enzi hizo: upasuaji wenyewe ulikuwa unaua, kwa sababu usafi wa vifaa haukuwa umeeleweka. Sheria hiyo iliandikwa katika dunia ambayo hakuna aliyekuwa na njia salama, hata daktari.

5/ Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, huku bado tulihesabiwa Uganda. Tulihamishiwa upande wa Kenya mwaka 1902. Sheria ya jinai iliyotumika kwenye koloni ilikuwa Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860. Mwaka 1930 ikaja Kanuni ya Adhabu ya Kenya, na mawazo ya 1861 yakaingia ndani karibu yalivyo. Hakuna mwanamke wa Nyando au Mbita aliyeulizwa kitu.

6/ Vifungu vyenyewe mnavisikia vikitajwa sana bila kuelezwa. Cha 158: anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria, hadi miaka 14. Cha 159: mwanamke mwenyewe, hadi miaka 7. Cha 160: anayetoa dawa au kifaa, hadi miaka 3. Halafu kuna cha 240, ambacho watu husahau: upasuaji uliofanywa kwa nia njema na kwa ujuzi ili kuokoa maisha ya mama si kosa.

7/ Mwaka 1938 daktari mmoja wa London, Aleck Bourne, alimtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa, kisha akajipeleka mwenyewe mbele ya sheria. Mahakama ikamwachilia. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikafuata mwelekeo huo huku kwetu: kukiwa na sababu nzuri ya kitabibu, si haramu. Mwaka 1967 Uingereza yenyewe ikapanua ruhusa. Sisi tulikuwa tumepata uhuru, tukabaki na karatasi yao ya zamani.

8/ Sasa jiulize, sheria kali ilifanya nini? Mimba hazikuacha kutolewa. Kilichobadilika ni mahali. Mwenye pesa alimpata daktari wa kumhudumia kimya kimya. Asiye na pesa aliishia kwa mtu mwenye waya, vijiti au mchanganyiko wa dawa asiojua vipimo vyake. Mambo yakiharibika, alikaa nyumbani na homa siku tatu, nne, kwa kuogopa polisi na aibu. Akifika hospitalini, kwa Nyanza mara nyingi ikiwa Russia, ile iliyojengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Wasovieti, alikuwa amechelewa.

9/ Hapo ndipo biolojia inaingia. Madhara huvuka kwenda mimba inayofuata kupitia njia tatu hivi. Ya kwanza ni maambukizi. Kifaa kichafu, au mabaki yaliyobaki ndani, huleta usaha unaopanda hadi kwenye mirija ya uzazi. Mirija ikipona na makovu huweza kuziba. Ikiziba kabisa, mimba haiingii. Ikiziba nusu, mimba inaweza kutunga nje ya mji wa mimba, na hiyo huua mama kwa kuvuja damu ndani.

10/ Njia ya pili ni jeraha la mji wa mimba wenyewe. Ukitobolewa, unabaki na kovu, na kovu linaweza kuachia wakati wa mimba nyingine au wakati wa uchungu. Wakati mwingine madaktari hulazimika kuuondoa mji wote ili kuokoa maisha. Njia ya tatu ni mlango wa kizazi. Ukifunguliwa kwa nguvu na kuumia, unaweza kushindwa kubeba mimba hadi mwisho, na mtoto akaja kabla ya wakati.

11/ Na si mitaani tu. Zamani hata hospitalini, “kusafishwa tumbo” kulifanywa kwa kijiko cha chuma chenye makali. Mwaka 1948 daktari Joseph Asherman alieleza wanawake ambao baada ya kukwanguliwa, kuta za mji wa mimba zilishikana kwa makovu, hedhi ikapotea au mimba zikakataa kushika. Kwa hiyo bibi zetu hawakuwa wanaota. Walichokiona kwa macho yao kilikuwa cha kweli.

12/ Baadaye ikaja pampu ndogo ya mkono inayonyonya badala ya kukwangua. Kenya ilianza kuitumia mwishoni mwa miaka ya 1980, Nairobi kwanza, kisha ikasambaa. Halafu zikaja dawa za vidonge. Leo Shirika la Afya Duniani linasema wazi kijiko cha makali kiachwe. Daktari anaweza pia kulainisha mlango wa kizazi kwa dawa kabla ya kuufungua. Haya mabadiliko ni makubwa, ila hayakumfikia kila mtu kwa wakati mmoja.

13/ Kabla hatujaenda mbele, jambo moja la lugha. Sisi tunatofautisha mimba kuharibika na mimba kutolewa. Kiingereza cha kidaktari hutumia neno moja kwa yote mawili. Mama ambaye mimba yake iliharibika yenyewe anaona lile neno kwenye faili lake na anashtuka: kwani mnanituhumu? Kimwili, kukwanguliwa ni kukwanguliwa. Mji wa mimba haujui sababu iliyokupeleka pale mezani.

14/ Sawa, na ikifanywa kwa njia salama? Denmark inatunza rekodi za wagonjwa wote kitaifa. Watafiti walifuatilia mimba 11,814 za wanawake ambao huko nyuma waliwahi kutoa mimba changa kati ya 1999 na 2004, wengine kwa vidonge, wengine kwa upasuaji. Utafiti ulitoka mwaka 2007. Vidonge havikuonyesha hatari zaidi ya upasuaji, si kwa mimba kutunga nje, si kwa kuharibika, si kwa watoto wa mapema au wenye uzito mdogo.

15/ Finland ilienda mbali zaidi: kina mama 300,858 waliojifungua kwa mara ya kwanza kati ya 1996 na 2008. Waliangalia watoto waliozaliwa kabla ya wiki 28, yaani njiti wa hatari kabisa. Kwa kila kina mama 1,000:
– hawajawahi kutoa mimba: 3
– wametoa mara moja: 4
– mara mbili: 6
– mara tatu au zaidi: 11
Nyingi ya mimba hizo zilikuwa zimetolewa kwa upasuaji, kabla ya wiki 12.

16/ Soma hizo namba polepole, kwa sababu kila upande hupenda kukata kipande chake. Tatu dhidi ya nne katika elfu ni tofauti ndogo sana. Tatu dhidi ya kumi na moja si ya kupuuzwa. Na kumbuka utafiti wa aina hii unaonyesha mambo yanayotembea pamoja. Hauthibitishi kwamba kimoja kimesababisha kingine, maana huenda wanawake hao wanatofautiana kwa mambo mengine pia.

17/ Mwaka 2018 akademia za kitaifa za sayansi za Marekani zilipitia tafiti zilizokuwepo. Walichokuta: kutoa mimba kwa njia salama hakuongezi ugumba wa baadaye wala shinikizo la damu la ujauzito. Lakini kutolewa mara mbili au zaidi kwa njia ya kunyonya kulihusishwa na hatari zaidi ya mtoto kuzaliwa kabla ya wiki 28. Kwa hivyo “kizazi kimeisha” si kweli. Na “hakuna chochote kabisa” pia ni kuzidisha.

18/ Sasa turudi ziwani. Mwaka 1985 ulichapishwa utafiti wa Shirika la Afya Duniani kuhusu ugumba katika nchi nyingi. Kwa wanawake wa Afrika waliochunguzwa, zaidi ya asilimia 85 walikuwa na tatizo linaloweza kutokana na maambukizi. Kwa dunia nzima ilikuwa kama theluthi moja. Na maambukizi hayo huletwa na nini? Utoaji mimba usio salama, ndiyo. Lakini pia kujifungua mahali pachafu, na magonjwa ya zinaa kama kisonono.

19/ Hapa ndipo sentensi yetu inapoumiza watu. Mwanamke ameolewa miaka mitatu, hajashika mimba. Mtaani wanaanza: “Huyu alitoa shuleni.” Kwa Dholuo kuna neno zito, lur, la kumwita tasa, na likishakubandika halitoki. Hakuna anayeuliza kama bwana alipimwa mbegu. Hakuna anayeuliza nani alileta kisonono nyumbani. Ile sentensi inamaliza uchunguzi kabla haujaanza, na mume anatoka akiwa safi.

20/ Na si kwamba jamii yetu haikujua kuwa mimba moja husimulia habari za nyingine. Angalia majina. Akumu au Okumu ni mtoto ambaye mama yake alimbeba kabla hedhi haijarudi baada ya uzazi uliotangulia. Ojwang’ au Ajwang’ mara nyingi amekuja baada ya watoto waliotangulia kufariki. Historia ya tumbo ilitajwa hadharani, kila siku, na jina likabebwa kwa heshima. Ile ya mimba iliyotolewa haikupewa jina.

21/ Tena ukitaka kujua kinachowafanya watoto wa huku wazaliwe wadogo, usiishie kwenye utoaji mimba. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kulifanywa jaribio kubwa la vyandarua vyenye dawa huko Asembo, Siaya. Kina mama wa mimba ya kwanza hadi ya nne waliolala ndani ya chandarua walipata watoto wachache zaidi wenye uzito mdogo. Malaria! Hakuna anayepanda jukwaani kupiga kelele kuhusu chandarua cha mjamzito, lakini kiko ndani ya hesabu hii hii.

22/ Umri nao. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta asilimia 33 ya wasichana wa Homa Bay wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshapata mimba au wana mtoto. Mwaka 2022 ilikuwa imeshuka hadi 23, lakini kitaifa ilikuwa 15. Kwenye fuo zetu mnaijua jaboya, samaki kwa mwili. Msichana mdogo aliyebeba mimba ana hatari zake mwenyewe za kuzaa mapema, na ndiye hasa anayeenda kwa mtu wa vijiti.

23/ Ukubwa wa jambo: Wizara ya Afya na watafiti washirika wake walikadiria kwamba mwaka 2012 mimba 464,690 zilitolewa Kenya, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa madhara. Viwango vya juu zaidi vilikuwa Bonde la Ufa, na Nyanza ikihesabiwa pamoja na Magharibi. Hayo ni makadirio ya nchi ambayo kifungu cha 159 kilikuwa kinafanya kazi mwaka wote.

24/ Wakati huo tayari tulikuwa na Katiba mpya, iliyopita kwenye kura ya maoni ya 4 Agosti 2010. Kifungu cha 26 kinasema uhai huanza mimba inapotungwa, na 26(4) kinasema mimba haitatolewa isipokuwa, kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Ni mapatano ya pande mbili. Kanuni ya Adhabu ya 1930 ikabaki kando yake, haikuguswa.

25/ Septemba 2012 wizara ikatoa mwongozo wa kuwaelekeza madaktari na wauguzi. Desemba 2013 ikauondoa. Februari 2014 mafunzo nayo yakapigwa marufuku. Mwisho wa mwaka huo, msichana kutoka Kisii aliyebakwa akiwa na miaka 14 alitolewa mimba na mtu asiye na ujuzi. Figo zikaharibika. Alifariki 2018. Juni 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuondoa mwongozo ule kulivunja sheria.

26/ Mwaka huo huo wa 2019, Kilifi, polisi waliingia kliniki, wakamkamata msichana aliyekuwa anatibiwa pamoja na afisa wa kliniki aliyemtibu, na kuchukua rekodi za matibabu. Machi 2022 Mahakama Kuu ya Malindi ikasema mazungumzo ya mgonjwa na mhudumu wake ni siri inayolindwa na Katiba. Upande wa pili ukakata rufaa. Shika hiyo picha ya faili la mgonjwa mkononi mwa polisi, kwa sababu inaeleza tunakoenda.

27/ Ingia kliniki yoyote ya wajawazito, Nyalenda, Manyatta, popote. Muuguzi anafungua kijitabu cha mama na mtoto. “Hii ni mimba ya ngapi? Umezaa mara ngapi?” Ukijibu kweli, namba mbili hazilingani, na tofauti yake inaonekana kwa yeyote atakayekishika kile kijitabu: mume, mama mkwe, wifi. Kwa hivyo wengi wanasema, “Ni ya kwanza, sista.” Hesabu inalingana. Mlango unafungwa.

28/ Muuguzi akijua ungetobolewa mji wa mimba, angekuelekeza ujifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji. Akijua mlango wa kizazi uliumia, ungefuatiliwa mapema. Asipojua, unaandikwa kama mama asiye na hatari na kuambiwa urudi mwezi ujao. Madhara ambayo yangeweza kuzuiwa yanatokea. Halafu jirani anasema, “Si nilisema? Alitoa.” Woga wa sheria ya 1930 unaizalisha ile ajali ambayo sentensi yetu inadai kuitabiri.

29/ Hilo ndilo naomba mbaki nalo hata kama hatukubaliani kuhusu 26(4). Unaweza kupinga utoaji mimba kwa moyo wako wote na bado ukataka mwanamke aweze kumwambia mkunga ukweli bila kuogopa pingu au talaka. Mtoto anayesubiriwa sasa, huyu anayetakiwa na kila mtu, ndiye anayelipia ule ukimya.

30/ Mambo ya kubeba nyumbani. Kutibiwa madhara ya mimba iliyotoka, iwe yenyewe au vipi, ni dharura, na Kifungu cha 43(2) kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Homa, harufu mbaya, damu nyingi au maumivu makali: nenda siku hiyo hiyo. Uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi ndani ya wiki mbili. Shirika la Afya Duniani lilishauri kusubiri angalau miezi sita kabla ya mimba nyingine.

31/ Na ukimsikia mtu kwenye kipaza sauti akianza na “ukitoa mimba…”, muulize: iliyotolewa na nani, kwa kifaa gani, mara ngapi? Akisema “haina madhara hata kidogo”, muulize kuhusu msichana wa Homa Bay asiyefika kwa mhudumu aliyefunzwa. Akishindwa kujibu, ujue anatafuta makofi tu.

32/ Jumapili ijayo tunaingia kwenye nani hasa ni “mhudumu wa afya aliyefunzwa”, na kwa nini Sheria ya Afya ya 2017 ililazimika kumweleza. Maswali wekeni hapa chini. Mwenye habari ya dada au rafiki yake asimtaje jina, tafadhali. Matusi nafuta.